Wateja Wamekuja Msibani

Sehemu ya Tisa

Aliyepiga yowe getini alikuwa Tatu.

Wiki nzima mmeniuliza, wengine mpaka sokoni mkanishika mkono, nani kapiga lile yowe na kapigia nini. Jibu ndilo hilo. Tatu muuza vitumbua, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anapita mbele ya nyumba ya Asia pale Magomeni, saa tatu asubuhi, akatupa jicho uani, akaweka mikono kichwani.

Na wewe ungeweka. Tazama alichokiona.

Kitanda cha Jafari, kaka yake Asia, kimetolewa nje. Godoro lake limeegemezwa ukutani. Makochi ya sebuleni yako uani chini ya turubai. Kibarazani yametandikwa majamvi ya msikitini. Mafigani limekaa lile sufuria kubwa la chama cha akina mama, ambalo halitoki stoo ila kwa harusi au kwa jambo lile jingine, na harusi hakuna aliyetangaza. Na Asia mwenyewe kasimama mlangoni, kajitanda khanga mpaka puani, machozi yanamchuruzika.

Jumapili Jafari alilalamika kifua msikitini. Tatu akajumlisha.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo, nikudokeze upesi. Asia ni mjane wa miaka arobaini na saba. Kaposwa na Rajabu, mkulima wa mpunga na korosho kule Mahurunga, ambaye kwa maneno yake mwenyewe amemjengea nyumba ya bati la buluu. Baba yao hayupo, kwa hiyo walii ni kaka mtu, na kaka mtu kaweka sharti: hamwozi dada yake mpaka nyumba hii ya urithi iuzwe. Hataki kubaki peke yake na vyumba vinne na popo. Ikiuzwa, anahamia kwa mwanawe Masasi.

Wateja wawili wamekuja, wakakataa. Wa tatu wanakuja leo saa nne, na saa nane wana miadi ya kuona nyumba nyingine Shangani, yenye upepo wa bahari. Dalali Mathayo kasema baada ya hawa hana mtu tena. Na Rajabu anaingia msimu wa tatu wa korosho akingoja.

Mathayo ndiye aliyetoa ushauri wote. Kasema nyumba inauzwa na uwazi, toeni kila kitu nje mteja aone ukubwa. Basi vikatolewa. Turubai lilikuwa la kukinga makochi na jua. Majamvi ni kwa sababu sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu na wageni wangekaa kibarazani kwanza. Sufuria lilichemsha maji ya kusugulia vyumba. Na machozi ya Asia yalikuwa ya chokaa, maana alikuwa anapaka ukuta tangu alfajiri.

Asia akamkimbilia Tatu, akamwambia hakuna aliyekufa. Tatu akamkumbatia, akasema hata yeye alisema hivyo hivyo siku alipofiwa na mume, kwamba hajafa, kalala tu.

"Tatu, hii ni chokaa."

"Najua, mwenzangu. Najua."

Na huku anamkumbatia, mkono wa pili ulishatoa simu. Kundi la mtaa la WhatsApp lina watu zaidi ya mia. Kilio cha Tatu kikaingia humo, kikasikika mpaka kwa watu waliohama mtaa miaka mingi. Kisha akapiga Mahurunga, kwa Rajabu, akalia, akasema msiba Magomeni, njoo. Akazidiwa, akakata.

Hilo la Mahurunga liweke kando. Tutalihitaji.

Robo saa haikupita, watu wakaanza kumiminika. Wanawake na unga ndani ya khanga, na kuni kichwani. Wanaume na mabenchi. Asia akawa anakwenda kwa mmoja mmoja kueleza kwamba wageni wanakuja kuiona nyumba, na kila mmoja akamjibu kwamba ndiyo, wageni wataiona, Mungu ni mkubwa. Akaulizwa Jafari yuko wapi. Akasema katoka kwenda kutoa kopi za hati. Simu yake je? Kaiacha kwenye chaji.

Wanawake wakatazamana kwa huruma. Maskini, kachanganyikiwa.

Sasa sikiliza mambo ya Mwenyezi Mungu. Mwanamke mmoja alimkuta Asia na brashi mkononi, akamnyang'anya taratibu, akasema leo kazi si yako. Akapanda kigoda akaendelea kupaka. Wengine wakashika mifagio ya chelewa, wakaufagia uwanja mpaka ukawa kama umepigwa pasi. Wanaume wakasema jeneza haliwezi kupita kwenye geti bovu namna ile, wakalinyanyua, wakapiga misumari. Mmoja akapanda darini kuwafukuza popo. Shimo la mbele ya choo, lililokuwapo tangu marehemu mama yao yu hai, likafukiwa.

Kazi iliyomshinda Asia siku tatu ikaisha kwa nusu saa.

Asia akasimama katikati ya uwanja, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakusema uongo hata neno moja, hilo namshuhudia. Ila alichoka kukanusha. Akasema astaghfirullah kimoyomoyo, akamwonyesha yule wa brashi mahali aliporuka.

Ndipo alipoingia Mwanaisha.

Mwanaisha ni Mmakua, Asia na kaka yake ni Wamakonde, na hao ni watani tangu mababu. Msibani kwenu mtani ndiye mwenye nguvu kuliko mwenye nyumba. Atacheka wewe unalia. Atamwigiza marehemu. Ataushika mwili, asiuachie mpaka apewe anachotaka, na hakuna wa kumkatalia, maana kumnyima mtani mbele ya msiba ni aibu inayorithiwa na wajukuu.

Alipita moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akaitoa kanzu ya Jafari, akaivaa. Akavaa kofia yake. Akachukua tochi yake. Akakohoa kikohozi cha Jafari, kile cha mara tatu, akaanza kuwauliza waombolezaji kwa ukali nani kaacha taa ya choo inawaka mchana.

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kuziba midomo kwa khanga.

Na hapo hapo, saa nne kamili, getini likasimama gari dogo.

Akashuka dalali Mathayo. Akashuka Anold, mfanyakazi wa bandarini, mtu mrefu asiye na maneno. Akashuka mkewe, mwalimu Felista. Mathayo akauona umati, akavua kofia, akageuka kutaka kuwarudisha garini. Alichelewa. Mwalimu Felista ni mwanamke wa Kitanzania, na mkoba wake haukosi khanga. Akaitoa, akajifunga, akaja akakaa jamvini kati ya wanawake, akainamisha kichwa kwa adabu. Kisha akamwinamia wa pembeni, akamuuliza kwa kunong'ona kama maji ya bomba yanatoka kila siku.

Asia akamvuta mwalimu kando, akaanza kumweleza. Mtani akawahi.

"Wageni wangu hawa," akasema Mwanaisha kwa sauti ya Jafari, akiwamulika na tochi juani. "Mmekuja kuona nyumba yangu. Njooni niwaonyeshe mwenyewe. Nani mwingine anaijua kama mimi niliyekufa ndani yake?"

Asia akakimbilia mlangoni kumzuia, akakuta keshaingia.

Maana yale yote aliyoyafunika siku tatu, mtani aliyafunua kwa dakika tano. Sebuleni akanyanyua kalenda, akasema huu ufa nimeuficha, msimwambie mtu. Chumba cha pili akaonyesha mlango, akasema huu haufunguki kwa mkono, unataka teke, na teke lenyewe hapa chini, siyo hapo juu. Akaupiga. Ukafunguka. Akawaonyesha bati linalovuja na beseni lililofichwa nyuma ya mlango kwa ajili yake. Akawaonyesha pembe ambako Jafari hukoroma, na akakoroma.

Anold alikuwa anagonga kuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, hasemi. Mwalimu Felista alikuwa ameshika ukuta, mabega yanamtetemeka. Wanawake waliochungulia mlangoni wakasema jamani huyu mgeni kaumia sana, kumbe alijuana na marehemu. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka mpaka pumzi imemkatika.

Wakati huohuo, kwa njia ya nyuma, kwenye benchi la mwisho walilokaa wanaume wa mtaa wa pili wasiomjua mwenye nyumba kwa sura, alifika mtu mmoja na bahasha ya kopi kwapani.

Jafari.

Aliona majamvi. Aliona umati. Akainama kwa aliyekuwa karibu.

"Nani amefariki?"

"Jafari, mwenye nyumba."

"Jafari yupi?"

"Mimi sikumjua. Lakini kwa wanavyomsema, tumepoteza mtu."

Jafari akakaa kitako.

Mbele huko mzee mmoja wa msikitini alikuwa anasimulia. Kasema mwaka ule wa upepo mkubwa Jafari alipanda juu ya mapaa saba, akafunga mabati ya wajane kwa kamba kabla hajaenda kufunga la kwake, na la kwake likaruka. Mwingine akasema kila Ramadhani huyo ndiye anayepita kuwaamsha watu daku, na tulikuwa tunamtukana kitandani, Mungu atusamehe. Wa tatu alitaka kusema, akashindwa, akajifuta uso kwa kofia.

Jafari naye akatoa leso. Alilia kwa uchungu wa kweli. Jirani wa benchi akamshika bega, akamuuliza kama walikuwa ndugu.

"Tulikuwa karibu sana," akasema Jafari.

Angekaa pale mpaka maziko, nadhani. Lakini Mwanaisha alikuwa amefika mlango wa nyuma na wateja wake, akaupiga teke, akatoka uani akikohoa mara tatu. Jafari akainua kichwa. Kanzu ikamwona mwenye kanzu.



Kisha Tatu akapiga yowe lake la pili la siku hiyo. Mabenchi yakaanguka. Jamaa mmoja mnene alikwenda mbio kuruka ukuta, mguu ukagonga pipa la chokaa, na pipa lote likamwagikia Asia kuanzia kilemba mpaka nyayo. Alifumba macho, alhamdulillah, hakuna tone lililoingia. Tatu akamnawisha kope. Kwingine kote akabaki mweupe kama ukuta wake.

Jafari akasimama, akatoa salamu. Ile sauti ya salamu ndiyo iliyowarudisha watu, maana maiti hasalimii. Mzee wa msikitini akamshika mkono, akaubinya, akasema alhamdulillah mara saba. Halafu kicheko kikaanzia mahali, sijui kwa nani, kikasambaa kama moto wa majani makavu. Watu walicheka mpaka wakakalia ule unga waliouleta.

Asia akaona hapa ndipo. Akamgeukia kaka yake, akamwambia mwalimu na mumewe ndio wateja, wameshaiona nyumba.

"Siuzi," akasema Jafari.

"Naichukua," akasema mwalimu Felista.

Wamesema kwa pamoja. 

Jafari akawa anaikunja na kuikunjua ile bahasha. Akasema alidhani siku akiondoka mtaa huu hakuna atakayejua kama aliwahi kuishi. Leo kasikia kwa masikio yake. Masasi, zaidi ya mwanawe, nani anamjua?

"Siuzi, Asia. Nisamehe, mdogo wangu."

 Chokaa ilikuwa inamkaukia Asia usoni, na machozi ya sasa, ya kweli, yakapita humo yakachora mifereji miwili. Nyumba isipouzwa, hakuna ndoa. Sharti ni la walii mwenyewe.

Mwalimu Felista naye akasema lake. Mtaa wanaopanga sasa, alilala na homa wiki mbili, na hakuna aliyegonga mlango.

"Hapa mtu hajafa na watu wamejaa," akasema. "Ufa nitauziba kwa saruji, mzee wangu. Majirani nitawanunua duka gani?"

Anold akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Akasema kuta ni nzima.

Jafari akatikisa kichwa. Hapana.

Mwanaisha alikuwa kimya muda wote huo, na mtani akinyamaza ujue anapanga. Akavua khanga ya kiunoni, akaja nyuma ya Jafari, akamfunga mkono. Mafundo mawili.

"Maiti hii ni yetu," akasema, sasa kwa sauti yake. "Tumeikuta hapa, tumeililia, tumeifagilia uwanja. Haitoki mpaka itoe kitu."

Watu wakapiga makofi. Jafari akacheka kwa shida, akasema chukua jogoo. Mtani akasema jogoo wako nimeshamla kwa macho, ni mgumu. Jafari akasema chukua godoro. Akaambiwa godoro lile limebeba makoromo ya miaka ishirini, nani atalilalia?

"Unataka nini basi, mtani?"

"Neno. Nyumba kwa mwalimu. Na Ijumaa, dada yako kwa mumewe."

Jafari akamtazama mzee wa msikitini kutafuta msaada. Mzee akatazama mawingu. Jafari akawatazama wanaume. Wote ghafla wakawa na shughuli ya kuinua mabenchi. Mtani kashika maiti mbele ya msiba, nani atamkomboa?

Mwalimu Felista akasogea, akasema kile chumba cha uani yeye hana kazi nacho. Mzee Jafari abaki nacho mpaka atakapokichoka mwenyewe, na akimwamsha daku kwa bahati mbaya, yeye Mkristo atanyanyuka apike chai.

Hapo Jafari akainamisha kichwa. Alipokiinua, uso ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Nyumba nimeuza," akasema. "Na Ijumaa namwoza dada yangu. Nifungue, mwanamke, mkono unakufa ganzi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka barabara kuu. Mathayo akambusu Anold shavuni, Anold akajifuta. Mzee wa msikitini akasoma Fatiha. Wanawake wakauvamia ule unga, sufuria la chama likawekewa maji, msiba ukageuka shughuli bila hata kuhamisha mafiga. Asia alikuwa anacheka na kulia pamoja, chokaa ikimdondoka vipande vipande, akawa anarudia neno moja tu, Ijumaa, Ijumaa, kama mtoto aliyefundishwa siku za wiki.

Kisha Tatu akaacha kusonga ugali.

"Asia," akasema polepole. "Mimi nilipiga Mahurunga."

"Ulimwambia nani kafa?"

Tatu akafikiri. Mwiko ukabaki hewani.

"Sikusema. Nilikuwa nalia."

Kabla hajamaliza, bodaboda ikaingia getini kwa kasi ya kuvunja lile geti jipya. Nyuma yake kulikuwa na Rajabu, miguu imetapakaa tope la mashamba ya mpunga mpaka magotini, kakumbatia jora la kitambaa cheupe cha sanda. Aliteremka kabla pikipiki haijasimama. Akapiga hatua mbili.

Akamwona Asia.

Mweupe. Kichwa mpaka nyayo. Kasimama peke yake katikati ya majamvi, na mifereji miwili myeusi ya machozi usoni.

Kitambaa kikamtoka mikononi. Rajabu akapiga magoti pale pale mchangani, asithubutu kusogea.

"Asia," akasema, na sauti haikuwa yake. "Kama umerejea kuniaga, ngoja. Usiende na kinyongo. Kuna jambo nilikuficha."

Watu wote walifungua midomo kumwambia. Jafari akafungua. Tatu akafungua. Hata Anold akafungua.

Asia akainua mkono mmoja mweupe, na uwanja mzima ukafunga midomo.

"Sema, Rajabu," akasema taratibu, kwa sauti ya mbali. "Nakusikia."

"Ile nyumba ya Mahurunga," akasema Rajabu, akiinamisha kichwa mpaka kofia ikagusa mchanga. "Ile ya bati la buluu."

Na nyuma ya Asia, mwalimu Felista alikuwa keshapanda kigoda, anapima madirisha kwa ajili ya mapazia yake.